Enzi za Deferred

Python 3.12 ilipotoka, Oktoba 2023, asyncore, moduli yake ya zamani ya kuhudumia soketi nyingi kwa uzi mmoja, haikuwemo tena. Juu ya faili lake paliandikwa 1996 na jina la Sam Rushing. Ofisini hakuna aliyeshtuka. Vijana hawakujua kama iliwahi kuwepo.

Sisi tulianzia kwenye nyuzi, yaani threads. Seva yetu ya meseji ilikuwa mashine moja, chumba kinanuka vumbi la moto na betri ya UPS. Kila mteja alipewa uzi wake. Wakifika mia kadhaa, kumbukumbu inajaa, mashine inagoma.

Maktaba ya Twisted ndiyo iliyotuokoa, na ikatutesa. Reactor yake ilikuwa uzi mmoja unaozunguka ukiuliza soketi ipi iko tayari, kama muuza kahawa asiyemganda mteja mmoja mpaka amalize kikombe. Kwa jibu ambalo halijafika ulipewa Deferred badala yake, nawe ukaifungia addCallback kwa heri na addErrback kwa shari. Ukiisahau ya shari, kosa linanyamaza kimya, kisha baadaye sana, Python inapofagia takataka zake, logi inatoa mstari: Unhandled error in Deferred. Limetoka wapi? Jitafutie mwenyewe. Nayo reactor ukishaizima haiwaki tena mpaka programu nzima ianze upya. Watu walisema ni ngumu, na kweli ilikuwa ngumu, ila hukuweza kuandika hata mistari kumi bila kujua kazi yako inangoja wapi.

Kisha maktaba ya gevent ikaja na monkey.patch_all(): moduli za kawaida za Python zinageuzwa chini kwa chini, wewe huoni kitu. Sikuupenda uchawi ule, na siupendi hadi leo. Tornado tuliionja tu. Halafu Guido van Rossum akaleta asyncio, ikaingia Python 3.4 mwaka 2014. Mwaka uliofuata async na await zikawa za lugha yenyewe. Trio, maktaba ya Nathaniel J. Smith, ikakataa kazi ndogo kuachwa zikizurura baada ya mzazi wao kumaliza, na asyncio ikaiga wazo hilo kwa TaskGroup.

Raha tupu, basi. Juzi seva ya kijana mmoja ilikuwa ikikwama kila mara. Nikafungua: ndani ya async def kuna requests.get, ambayo huushikilia uzi mpaka jibu lije, imewasimamisha wateja wote foleni.

"Lakini bosi," akasema, "si nimeweka async?"