Sifa ya Chombo

Watu wa pwani wana neno moja kwa mambo mawili. Sifa ni maneno mema ambayo mtu husemewa na wenziwe. Tena sifa ni mafuta ya papa ambayo mbao za chombo hupakwa ili zisipasuke kwa jua na maji ya chumvi. Ya kwanza hupendeza masikio, na ya pili hunuka. Walakini mtu aliyezaliwa kisiwani anajua ni ipi inayofaa zaidi baharini. Hakuna jahazi lililovushwa mkondo kwa sifa ya kwanza, na mengi yamevuka kwa sababu mtu fulani hakuchoka kupaka ya pili.

Katika mji wa Chake Chake, Pemba, alikuwako mwalimu mmoja mstaafu ambaye alijifunza maana ya neno hili akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Chombo kilichomfundisha hakikuwa cha bahari. Kilikuwa gari la mbio la viti viwili, Datsun 240Z, aliloachiwa na kaka yake.

Magari ya namna hii yalianza kuuzwa na Wajapani mwishoni mwa mwaka 1969, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 1973. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, nayo hulishwa na kabureta mbili. Katika Afrika Mashariki jina lake lilivuma kwa ajili ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Edgar Herrmann alishinda kwa gari hili mwaka 1971, na mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kaka wa mwalimu alikuwa kijana Mombasa katika siku zile, akafanya nadhiri kwamba siku moja atalimiliki moja. Alilipata baada ya miaka mingi, likiwa kuukuu, akalivusha bahari mpaka kisiwani kwao. Alipofariki dunia aliacha nyumba, mikarafuu, mwana mmoja wa kiume, gari, na daftari lenye jalada jeusi. Mwana alirithi nyumba na mikarafuu. Gari na daftari, kwa wasia, vilikwenda kwa mwalimu.

Pemba si mahali pepesi kwa chuma. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, na ukijani huo ni kazi ya mvua, ambayo hunyesha huko kuliko Unguja. Masika huingia mwezi wa Machi na vuli hufuata mwishoni mwa mwaka. Na baina ya mvua na mvua, upepo wa bahari huleta chumvi mpaka uani. Udongo mwekundu hushika chini ya gari kama unga wa mkate, hukaa na unyevu wake, na chini ya udongo huo kutu hufanya kazi usiku na mchana bila ya kudai ujira. Gari la namna hii lina mahali pake panapojulikana kwa udhaifu: sakafu iliyo chini ya miguu, bati lililo chini ya milango, na kikalio cha betri, ambapo tindikali husaidiana na maji.

Mwalimu aliyajua haya yote. Kila alfajiri baada ya sala aliliondolea gari turubai ili lisihifadhi jasho la usiku. Kila baada ya mvua aliliosha chini kwa maji baridi, kisha akazibua kwa kijiti matundu madogo yaliyo chini ya milango, maana matundu hayo yakiziba, mlango hugeuka mtungi. Palipoonekana kidoa cha kutu alikisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akatia rangi ya kuzuia kutu siku ile ile. Kutu ikiachwa hadi kesho, alikuwa akisema, hualika jamaa zake.

Injini aliitunza kwa masikio. Kabureta zile mbili zapaswa kuvuta hewa kwa kipimo kimoja. Moja ikizidi, injini hutetemeka kama mtu mwenye homa. Mwalimu aliweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni na nyingine katika kinywa cha kabureta, akasikiliza mvumo wake, kisha akahamia ya pili, akakaza au kulegeza skrubu mpaka mivumo miwili ikalingana. Aliangalia mafuta mepesi yanayotuliza pistoni zake. Alipima nafasi ya platini, yaani vikono viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi zitoe cheche, kwa kuwa huliwa kidogo kidogo. Alibadili mafuta ya injini kabla hayajawa meusi kabisa. Hayo aliyaandika katika daftari la kaka yake, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Na sifa zilikuja. Siku ya Idi watoto walilizunguka gari. Wageni walisimama kulipiga picha. Vijana walimwuliza kasi yake, naye akajibu kwa unyenyekevu ambao haukuficha furaha. Pole pole, bila ya yeye kutambua, kazi zake zikaanza kuelekea upande wa macho na masikio ya watu: rangi ing'ae, injini ivume vizuri, viti vinukie. Kilichoonekana kilitunzwa, na kisichoonekana kilingoja.

Mwana wa marehemu, fundi wa pikipiki pale mjini, alikuja mara nyingi kuomba kusaidia. "Ami, nipe nami spana," alikuwa akisema. Mwalimu alimpa kitambaa cha kufutia vumbi. Alimpenda kijana, lakini moyoni alijiambia kuwa mikono iliyozoea pikipiki ni mizito kwa chombo kama kile. Miaka tisa ilipita hivyo.

Katika mwaka wa tisa, msimu wa karafuu, mwalimu alikwenda Wete kwa njia ya zamani, ambayo hupanda vilima na kushuka mabonde. Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi kandokando ya njia, kama ilivyo desturi. Katika mteremko mmoja alikanyaga breki, na kikanyagio kikazama pasipo kugonga chochote. Alikikanyaga tena na tena. Akarudisha gia ya pili, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na gari likaserereka, likaacha njia, likasimama gurudumu moja likiwa juu ya jamvi. Hatua mbili mbele yake msichana mdogo alikuwa amesimama na ufagio mkononi, hajapata hata nafasi ya kuogopa.

Bibi wa yule msichana alitoka, akamtazama mtoto kutoka utosini hata miguuni, kisha akazitazama karafuu zilizosagika. Mwalimu aliomba radhi na kuahidi kulipa. Bibi akasema, "Karafuu huchambuliwa tena, baba. Mtoto hachambuliwi." Hakuongeza neno.

Gari lilivutwa mpaka Chake Chake. Kijana alifungua kikombe cha mafuta ya breki, akachovya kidole. Mafuta yalikuwa na rangi ya kahawa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ami, haya yalibadilishwa lini?"

Mwalimu hakujibu. Aliingia ndani, akalifungua daftari. Alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akapita rangi, nta, kabureta, plagi na viti, vyote kwa mwandiko wake mzuri. Neno breki hakuliona mpaka alipofika mahali ambapo mwandiko ulibadilika. Lilikuwa limeandikwa na mkono wa marehemu, herufi zake zimelala, mwezi mmoja kabla ya kifo chake.

Sababu ya jambo lile haikuwa siri kwa fundi yeyote. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewani, na katika kisiwa chenye mvua unyevu haupungui. Ndiyo maana desturi njema ni kuyabadili kila baada ya miaka miwili hivi. Maji yaliyoingia humo huchemka breki zinapopata moto, nayo yakichemka huwa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke hubonyea. Basi nguvu ya mguu hupotelea humo, isifike kwenye magurudumu. Tena maji huleta kutu ndani ya silinda, na kutu hukwaruza mipira inayozuia mafuta yasirudi. Yote haya hutendeka gizani, chini ya boneti inayong'aa.

Siku chache baadaye, alipokwenda kumlipa yule bibi fidia ya karafuu zake, mwalimu aliendelea mpaka pwani ya Wete, akamkuta fundi mmoja wa vyombo akiwa kazini. Mashua ilikuwa imepandishwa mchangani wakati wa bamvua, imelazwa ubavu. Fundi alikuwa akishindilia kalafati katika viungo vya mbao; pembeni mlikuwa na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ya kupaka sehemu inayozama majini. Mwalimu alimwuliza kwa nini anaanza na upande wa chini, na huku ubavu wa juu ndio uliochakaa machoni. Fundi akacheka. "Mwalimu, wa juu utasemwa na watu. Wa chini utasemwa na bahari."

Mwalimu alirudi nyumbani, akamwita kijana. Alimwambia habari yote, hata ile ya daftari, ambayo ilikuwa nzito kinywani kuliko nyingine. Maana kukiri kosa mbele ya mdogo ni mtihani ambao walimu wengi hawaufanyi. Kisha akamkabidhi sanduku la spana. Silinda ya breki ilifunguliwa, ikapatikana imeliwa na kutu. Mipira mipya iliagizwa, mabomba yakasafishwa, mafuta mapya yakatiwa. Mjomba na mpwa hutofautiana kwa mengi, na vivyo hivyo ami na mwana wa nduguye. Lakini kazi ya kutoa hewa katika breki yataka watu wawili, mmoja akanyage na mwingine afungue chini ya gurudumu, nao waitikiane. Jioni ile walisikika wakiitikiana uani: "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Achia." "Nimeachia." Majirani hawakuona ajabu yoyote, wala hapakuwa na mtu wa kupiga picha.

Kazi ilipokwisha, kijana aliandika katika daftari. Mwandiko wake haukuwa mzuri, na herufi zake zililala kama za baba yake. Aliandika tarehe, neno breki, na chini yake tarehe nyingine, ya miaka miwili mbele. Mwalimu alitazama kwa muda, akachukua kitambaa cha kufutia vumbi, akaanza kufuta mikono ya kijana.