Mjini ni Wapi, Tabora?

Tulipopita Itigi abiria karibu wote walikuwa wamelala. Sikuwalaumu. Barabara ni lami safi, vichaka vimeziba pande zote mbili, na kwa muda mrefu hakuna cha kutazama ila madumu ya asali yaliyopangwa kando ya njia yakisubiri mteja. Utadhani ni mahali pasipo na habari. Lakini hii ndiyo Mgunda Mkali, pori lililowatia hofu wapagazi wa karne ya 19 kuliko milima na kuliko hongo za watemi wa Ugogo. Maji yalikuwa haba, na vijiji vya kununua mtama vilikuwa mbali mno. Mtu ametoka Bagamoyo na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, za vitambaa, shanga au waya, anatembea wiki baada ya wiki, halafu anakutana na pori hili. Akifika Tura anajua amepona: ameingia Unyamwezini.

Sisi tulilivuka huku kondakta ametuwekea filamu.

Stendi ya Tabora nilimwambia kijana wa bajaji anipeleke mjini. Akageuka kunitazama. "Mjini wapi, kaka? Sokoni, stesheni, au bomani?" Nikamwambia anipeleke kokote anakoona yeye ndiko mjini. Akacheka, akawasha chombo, na tangu hapo hatukuacha kuzunguka. Sensa ya 2022 iliikuta manispaa hii na watu zaidi ya laki tatu, lakini wametandazwa. Unatoka Kanyenye unaingia Gongoni, unavuka reli, unapita Isevya, unakuta mashamba ya mahindi, ukidhani mji umekwisha unakutana na msikiti, maduka na kijiwe cha bodaboda, na eneo lina jina lake na wenyewe wake.

Si ubovu wa mipango miji peke yake. Tabora ilianza hivyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857 hawakukuta mji wenye mitaa. Walikuta matembe makubwa machache ya Waarabu wa Oman na watu wa mwambao, kila moja na ua wake, ghala lake la pembe na bustani yake, na kati ya tembe na tembe palikuwa na mashamba. Snay bin Amir, tajiri wa Kazeh, ndiye aliyewakaribisha. Mtemi wa Unyanyembe, Fundikira, alikuwa na makao yake Itetemia, na wafanyabiashara walikaa kwa ridhaa yake. Baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa na makazi huku na akamwoa Karunde, binti wa mtemi. Kwa hiyo palikuwa na vitongoji kabla ya kuwa na mji, na kila kitongoji kilikuwa cha watu waliokuwa njiani kwenda kwingine.

Majina ya kata bado yanaonyesha nani alisimama wapi. Itetemia, Ipuli na Isevya yanasikika Kinyamwezi, lakini Ng'ambo, Mtendeni na Kidongo Chekundu unaweza kuyakuta mwambao pia, kana kwamba watu walibeba mitaa yao pamoja na mizigo.

Nilikaa barazani na mzee mmoja wa Kimanyema, kofia ya kiua kichwani, kahawa chungu mkononi. Wamanyema wa hapa asili yao ni mashariki ya Kongo. Ni Waislamu, na Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. "Baba wa babu yangu alitoka Kasongo," aliniambia. Nikauliza alikujaje. Akanywa kahawa. "Alikuja na msafara. Alikuja vipi ndani ya msafara, hilo sisi hatukuuliza, na yeye hakusema."

Sikumsukuma zaidi. Tunapenda kusimulia misafara kwa pembe, ngoma na bendera, na ni kweli Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru waliojivunia kazi yao. Kijana ambaye hajaiona pwani aliweza kuchekwa na wenzake. Ila ndani ya misafara hiyo hiyo walikuwamo waliofungwa. Wajukuu wa makundi yote mawili leo wanapanga foleni moja ya bajaji.

Kwihara nilikwenda kwa bodaboda, chini ya miembe mikubwa ambayo watu husema ni mbegu za wasafiri. Tembe lililopo lilijengwa upya miaka ya 1950. Stanley alikaa hapa mwaka 1871, akaingia katika vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo wa Urambo, akatimua mbio pamoja nao. Februari 1872 alirudi kutoka Ujiji akiwa na Livingstone. Mwezi uliofuata Stanley akaondoka kwenda pwani, na mzee Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi.

Tembe linaitwa kwa jina la Livingstone. Mimi ningeliita kwa majina ya watumishi wake, Chuma na Susi. Oktoba 1873 walipita Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti ya Livingstone iliyokaushwa, kutoka mbali kule Zambia ya leo. Luteni Cameron, aliyekuwa amelala na homa hapa hapa, aliwashauri wamzike, yaishe. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo.

Waliofuata niseme haraka, maana kila mmoja aliutaka mji huu na kila mmoja aliondoka. Wajerumani walimshinda Mtemi Isike Januari 1893, naye akajilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kushikwa. Reli ilifika 1912. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, Wajerumani walitengeneza hapa sarafu za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Kisha Waingereza, na shule iliyokusudiwa watoto wa machifu, ambako Nyerere alisoma kabla ya kurudi kufundisha St. Mary's. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ikubali uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere akawashawishi wakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa. Siku hizi uamuzi ule tunausifu kana kwamba ulikuwa rahisi.

Na watu bado wanakuja. Stendi niliwasikia wapiga debe wakiita Ulyankulu, kule walikopokewa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Zaidi ya 160,000 kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa uraia wa Tanzania, wengi wao wakipokea vyeti kuanzia 2014. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na gunia la maharage, akiongea Kirundi kwenye simu na Kiswahili cha Tabora na mpiga debe, bila kupumua katikati.

Siku ya kuondoka nilipitia sokoni kununua asali na michembe. Mama muuzaji alinisalimia "Mwangaluka," akaona nimeitikia vibaya, akauliza mimi kabila gani. Nikasema Mzaramo.

"Loh! Mtumwa wangu huyu!" akapaza sauti ili genge zima lisikie. "Amekuja kununua au kuomba?"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo unafuata njia ya misafara. Mpagazi aliyeugua mbali na kwao alihitaji mtu asiye ndugu lakini mwenye wajibu: wa kumpa uji, na akifa, wa kumzika. Wajibu ulibaki, na matusi yakabaki pamoja nao. Nilimjibu kwamba babu zake ndio walionibebea vitambaa mimi, hivyo anipunguzie bei ya lita.

Alifunga kizibo, akafuta chupa kwa khanga.

"Ukifia hapa Tabora nitakuzika bure, na maturubai nitakodi mimi," alisema. "Lakini asali utalipa yote."