Paka wa Jjajja

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Katika stoo ya mahindi ya bibi yangu, Jjajja, hapa Jinja, paka hakuondoka na panya walitawala vilevile. Kamanda, paka wetu wa miaka 13, alilala kando ya sigiri mchana kutwa. Mimi nilimwita mvivu. Siku moja nilimnyanyua ghafla nipitishe gunia, akanikwaruza. Nikampiga kofi. Kofi hilo ndilo linalonifanya niandike.

Jjajja, ambaye magoti yake yanamsumbua kila masika, ndiye aliyeng'amua. "Mjukuu wangu, mtazame anavyopanda," aliniambia. Zamani Kamanda alifika dirishani kwa mruko mmoja. Sasa aliketi chini, akalitazama dirisha kama mtu anayehesabu nauli, akapanda kigoda, akapumzika, akapanda kiti, ndipo akafika. Wakati wa kushuka aliteremsha miguu ya mbele ukutani kwanza ili apunguze umbali. Hakulia. Hakuchechemea pia, maana anayeumwa pande zote mbili hana mguu mzima wa kuuegemea.

Jjajja alitaka kumkatia nusu ya kidonge chake cha parasetamoli. Bahati nzuri tulimpigia simu daktari wa mifugo kwanza, akatukaripia: dawa hiyo humwua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuishughulikia kama letu. Kisha akaniagiza nisimlete bado. Mezani kwake paka hujikunyata kwa hofu, hata mzima huonekana mgonjwa. Nimpige video nyumbani.

Nilimpiga kwa siku tatu, na simu ikanionyesha mambo niliyokuwa nikiyapita kila siku. Manyoya ya kiunoni yalikuwa yameshikamana, kwa sababu hakuweza tena kujipinda ajirambe. Kucha zilikuwa ndefu, zikigonga saruji alipotembea. Haja alifanya kando ya sanduku la mchanga kwa kuwa ukingo wake ulikuwa mrefu kwake, nami nilikuwa nimemfokea kwa uchafu huo.

Kliniki, daktari alipapasa kiungo kimoja kimoja polepole. Viwiko havikukunjika vizuri; alipogusa nyonga, Kamanda aligeuza kichwa na kunguruma. Baadaye nilisoma kuhusu uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002: kati ya paka 100 waliopita miaka 12, picha za eksirei zilionyesha viungo vilivyochakaa kwa 90. Hata hivyo picha huonyesha mfupa tu, haipimi maumivu. Kwa hiyo daktari alipima figo, akatupa dawa ya maji ya kupimwa kwa uzito wa paka, akatuambia tuandike mambo matatu kila jioni: dirisha, sanduku, kujiramba. Akiyarudia aliyoyaacha, tutajua kilichomzuia kilikuwa maumivu.

Daftari ninalo. Wiki ya kwanza nimeandika "hapana" karibu kila mstari. Tulikata ukingo wa sanduku, na haja ikarudi mahali pake. Wiki ya pili aliruka kutoka kigodani hadi dirishani bila kupitia kiti. Jjajja alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Panya bado wapo. Siku hizi namnyanyua kwa mikono miwili, mmoja chini ya makalio. Kabla sijamgusa, hunitazama mkono kwanza.