Kushika Hatamu

Katika zama za chama kimoja neno hatamu lilikuwa kinywani mwa kila Mtanzania. Tuliambiwa kwamba chama kimeshika hatamu, nasi wanafunzi tukalisema neno hilo katika magwaride na katika insha zetu, wala hapakuwa na aliyeuliza hatamu yenyewe hushikwaje. Unguja nilikokulia, punda wa gari alifungwa kamba na kuendeshwa kwa bakora. Farasi tulimjua kwa masikio tu. Chuoni tulihifadhi Suratul Aadiyaat, sura ya 100 ya Kurani, inayofunguka kwa kiapo cha farasi wakimbiao huku wakihema. Katika tendi za kale za vita, mathalani Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, tulikutana na wapanda farasi. Na methali ikatuonya kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Lugha ilimhifadhi mnyama ambaye pwani yenyewe ilishindwa kumhifadhi.

Sababu ya kushindwa huko yajulikana. Bara palikuwa na mbung'o na nagana yao; na popote penye joto na majimaji palikuwa na usubi, wadudu wadogo mno wanaouma tangu magharibi hadi alfajiri, ambao hueneza virusi vya maradhi ya farasi. Farasi asiye na kinga akipatwa na maradhi hayo mara nyingi hufa katika muda wa siku chache, ilhali punda na punda milia huyastahimili. Mwaka 1916 askari wapanda farasi wa Afrika Kusini walikuja kupigana na Wajerumani katika nchi hii. Wanyama wao walikufa kwa maelfu, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kwa hiyo kila farasi aliyezeekea Dar es Salaam ana mtu nyuma yake: mtu aliyehakikisha amechanjwa, aliyemwingiza bandani kabla ya jua kutua, aliyewasha moto wa moshi mlangoni.

Mtu wa namna hiyo nilimkuta Temeke. Nilihamia Mbagala mwaka 2009, nikisomesha Kiswahili katika skuli ya sekondari. Hadi wakati huo farasi niliowahi kuwaona kwa karibu walikuwa wale wa polisi, nje ya Uwanja wa Taifa siku ambayo Simba na Yanga wanakutana, na umati uliokuwa ukisukumana ukajigawa wenyewe pasina kuambiwa. Jirani yangu wa Mbagala alikuwa mzee aliyetumia nusu ya umri wake kuwatunza farasi wa watu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemkabidhi farasi wawili katika kiwanja kilichokuwa njia ya Kongowe: dume mzee aliyehasiwa, na jike mchanga wa miaka mitatu, rangi ya majivu, aliyeitwa Mbalamwezi. Kusudi la mwenye mali lilikuwa kuwakodisha kwa harusi na kwa watu wanaotembea ufukweni. Mzee naye alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka 11, ambaye akitoka skuli alikwenda kiwanjani moja kwa moja, na sare yake mwilini. Jioni zangu nyingi za miaka ile zilipita pale, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitazama namna viumbe wawili wanavyosomeshwa kwa wakati mmoja.

Mwaka wa kwanza mtoto hakumpanda Mbalamwezi hata mara moja. Alipandishwa dume mzee, akazungushwa katika duara kwa kamba ndefu iliyokuwa mkononi mwa babu yake, mikono ameitandaza kama mbawa, bila ya hatamu wala vikuku vya kukanyagia, mpaka kiuno chake kikaijua mizani chenyewe. Mbalamwezi alizungushwa kwa kamba hiyo hiyo, saa nyingine, mgongo mtupu. Nilimuuliza mzee kwa nini asiwakutanishe, na hali mtoto na yule farasi mchanga walikuwa wakipendana waziwazi.

"Mwalimu," akanijibu, "kuni mbichi mbili haziwashi jiko. Farasi mzee ndiye anayemfunza mpandaji mchanga, na mpandaji mzee ndiye anayemfunza farasi mchanga. Hawa watakutana siku ambayo kila mmoja ana cha kumpa mwenzake."

Ilikuwapo pia sababu ya mifupa. Farasi wa miaka mitatu kwa umbo huonekana mkubwa, lakini uti wake wa mgongo haukomai mpaka afikie miaka mitano au sita. Anayemtwisha mapema huvuna miaka michache ya kazi, kisha akabaki na mnyama mlemavu.

Katika muda huo mtoto alijifunza mengine. Alijifunza kwamba macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu duara zima isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji lake. Basi mtu humwendea kwa ubavuni, upande wa kushoto, akitanguliza sauti. Alijifunza kuinua kwato na kutoa kokoto, na kupapasa miguu akitafuta joto la uvimbe. Mimi nikachangia nilichokuwa nacho, yaani maneno niliyoyajua katika kamusi tu: seruji ya kukalia, lijamu ya kinywani; telki, ule mwendo wa hatua za upesi; matiti, ambapo miguu hutua miwili miwili kwa mshazari na mpandaji huinuka na kuketi kwa kufuata mapigo; na shoti, mwendo wa mbio. Mtoto aliyatwaa kana kwamba yalikuwa yakimngoja yeye.

Mwaka 2011, Mbalamwezi akiwa na miaka mitano na mtoto 13, walikutanishwa. Hapo ndipo nilipoiona hatamu ikisomeshwa. Mtoto alivuta, na farasi naye akavuta, na katika mashindano ya namna hiyo mwenye kilo 400 hashindwi na mwenye kilo 40. Mzee akamteremsha mjukuu wake, akampa ncha moja ya hatamu, mwenyewe akashika ya pili, wakasimama wakitazamana. Akavuta kidogo.

"Nikivuta, unajua kwamba nataka kitu. Lini utajua kwamba umeshanipa?"

Mtoto akafikiri. "Ukilegeza, Babu."

"Basi na yeye ni hivyo hivyo. Farasi hajifunzi pale unapovuta, hujifunza pale unapolegeza. Ukichelewa kulegeza, umemfunza kwamba kutii hakuna faida."

Katika miaka yote tuliyoimba juu ya kushika, sikumbuki aliyewahi kututajia kulegeza.

Mwenye mali hakuwa na subira ya aina hiyo. Mwezi wa nane wa mwaka ule alipata harusi kubwa, akataka bwana harusi aende juu ya Mbalamwezi, mbele ya gari la matarumbeta. Mzee alikuwa ameshaanza kuwaita vijana wa matarumbeta kiwanjani, wapige kwa mbali, kila siku wakisogea hatua chache, na kwa hesabu yake kazi hiyo ilihitaji miezi minne. Akakataa, akijua kwamba kodi ya chumba chake na ada ya mjukuu wake vilitoka mkononi mwa mtu yule. Aliachishwa kazi siku ile ile, na Mbalamwezi akachukuliwa na mpandaji mwingine.

Alirudishwa baada ya wiki tatu, kwa kuwa hapakuwa na mtu tena wa kumkaribia. Pembe za kinywa chake zilikuwa zimechanwa na lijamu, na bati likigongwa popote alitetemeka mwili mzima. Mzee akarejeshwa kazini bila ya kuombwa radhi. Hakumshika farasi. Alikaa juu ya ndoo yangu, akamwachia mjukuu wake.

Mtoto aliiweka lijamu kando. Alianza tena tangu siku ya kwanza: upande wa kushoto, sauti mbele, mkono mtupu. Jioni nyingine alikaa tu karibu na banda akifanya hesabu za skuli, mpaka farasi akaja mwenyewe kulinusa daftari. Ilipita miezi saba kabla hajapanda, na hata alipopanda, kwa mwaka mzima hatamu ilifungwa kwenye ukanda wa puani, kinywa hakikuguswa. Babu yake alinena mara chache mno. Siku moja alimwona amelegeza vidole kabla farasi hajamaliza kutii, kwa kuwa ameshaiona nia yake. Akanigeukia, akasema polepole, "Hilo sikumfunza mimi."

Mzee ameshatangulia mbele ya haki, na kiwanja kile sasa ni nyumba tupu, ukuta kwa ukuta. Dume mzee alikufa kwa uzee. Mbalamwezi aliuzwa kwa bei ya kutupa, maana farasi asiyekubali lijamu hana soko, na walionunua walikuwa familia ile ile, kwa kuchangishana. Anakaribia miaka 20. Yuko Kigamboni, ambako mjukuu yule, mtu mzima sasa, huwasomesha watoto kila Jumapili.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumtembelea, alinipa shikamoo bila ya kuondoa macho duarani. Mgongoni mwa Mbalamwezi alikuwapo mtoto wa kiume wa miaka tisa, mikono ameitandaza, hana hatamu. Nikamuuliza atampa lini.

"Akishaweza kukaa bila ya hiyo, Mwalimu."

Mtoto yule alikuwa katika mwezi wake wa tano.