Tenzi za Mwitongo

Sisi wa pwani hudhani utenzi ni urithi wetu peke yetu. Nami nilidhani hivyo, hata siku niliyotoka Musoma kwa basi nikafika Mwitongo, Butiama, penye kaburi la Mwalimu Nyerere. Mzanaki huyu, aliyezaliwa mwaka 1922, alimsemesha Shakespeare Kiswahili katika *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Uzeeni, amekwisha kung'atuka, akazigeuza Injili zote nne kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Mizani nane kila kipande, Injili nzima! Aliyewahi kutunga beti kumi tu anaijua jasho yake. Nami niliwahi kuzibeza barazani, sijasoma hata ubeti mmoja. Mzee aliyenipitisha kaburini akaniuliza kwetu ni wapi. Nikajibu, kwa sauti ndogo, Unguja.