Nyama Laini, Sinia Moja

Aghalabu tunapozungumzia mambo ya nyumba, mazungumzo hujikita katika yale makubwa: ada za watoto, kodi ya nyumba, ndoa za mabinti na deni la dukani. Yapo hata hivyo mambo madogo yanayopita kimya kimya mbele ya macho yetu, nayo yakishazoeleka hugeuka kuwa desturi ya nyumba bila ya mtu yeyote kuiamua. Mojawapo ni mahali anapokula mzee. Sisi tulio katika ukatibu wa kamati ya msikiti hubaki msikitini baina ya Maghrib na Isha kwa ajili ya vikao na vitabu vya mahesabu, na tumepata kuwaona wazee ambao sala ya Isha ikishamalizika hawana haraka ya kurudi walikotoka. Si kwamba huko hakuna chakula. Chakula kipo, kimefunikwa kwa kawa, na kila mtu wa nyumba hiyo ameshakula chake.

Baba yetu mzazi aliingia katika nyumba yetu baada ya mama yetu kutangulia mbele ya haki, na sasa ni mwaka wa tatu. Ni mtu wa Tanga, umri wake umepita miaka 70, na nguvu za ujana wake zilimalizikia katika mashamba ya mkonge. Tangu utoto wetu, katika sinia la nyumba yetu, kitoweo hakikuguswa mpaka yeye akigawe. Wali uliliwa kutoka pembeni, nyama ikabaki katikati, kisha mkono wake ukaichambua na kumsogezea kila mmoja fungu lake, mdogo kabla ya mkubwa. Alipohamia kwetu aliendelea na kazi hiyo kwa wajukuu wake, nao wakaipenda.

Kilichomwondoa kwenye sinia ni meno. Magego yake ya chini yaling'olewa moja baada ya jingine, na meno ya bandia aliyotengenezewa yakawa yanamchoma fizi. Nyama ya mchanganyiko, hata ichemshwe vipi, ilimshinda. Tulikuwa tukimwona akitafuna kwa muda mrefu, kisha akiificha nyama chini ya wali ili watoto wasione. Siku moja akasema kwa upole, "Wanangu, mimi nileteeni uji wangu chumbani. Katika nyama msinihesabu." Hapakuwa na ugomvi wala manung'uniko. Mama wa watoto akawa anampelekea uji, au ndizi za kuponda, au mchuzi mtupu na mkate wa kulowekwa, naye akashukuru kila mara.

Miezi ikapita. Jioni moja mtoto wetu wa mwisho, ambaye ana miaka 5, alimtazama mama yake akitoka na bakuli la babu, akauliza, "Babu amefanya kosa gani hata anakula peke yake?"

Swali hilo lilitunyima usingizi. Mtoto hakuona meno wala fizi. Aliona mtu aliyetengwa, na akafanya hesabu ya kitoto kwamba anayetengwa ana kosa. Na lau lingeachwa bila ya jibu, angekua akiamini kwamba uzee wenyewe ni kosa, na sisi wazazi wake tunauelekea uzee huo huo. Tulijaribu kima, mzee akasema kima ni chakula cha mgonjwa, na yeye si mgonjwa. Alitaka nyama inayoonekana kuwa nyama.

Ufumbuzi ulikuja kwa mdogo wetu wa kike, anayesomea upishi wa hoteli, alipokuja likizo. Alisema wapo watu, hususan Marekani, wanaoikata nyama ya steki vipande vidogo, wakaikaanga upesi kwa siagi na kitunguu saumu, na kuiandaa pamoja na viazi vilivyopondwa kwa maziwa mpaka vikawa kama malai. Nyama hiyo hailazimishi magego, na viazi hivyo havihitaji meno kabisa. Baba alipoelezwa alicheka. "Chakula cha Wazungu, mama?" akamuuliza bintiye. Akajibiwa, "Ng'ombe ni wa hapa hapa Tanga, baba, na viazi ni vya Lushoto. Cha Wazungu ni mwendo wa moto tu."

Kabla ya kuingia jikoni, yapo mambo mawili ambayo nyumba ya Kiislamu haina budi kuyatazama katika mapishi ya aina hii. La kwanza ni mvinyo. Mapishi mengi ya steki kutoka Ulaya na Marekani huamuru kumimina mvinyo kikaangoni ili kukusanya utamu ulioganda chini. Kazi hiyo hufanywa vema na supu kidogo ya mifupa pamoja na maji ya limau, wala ladha haipungui. La pili ni wekundu. Wapo wanaokula steki ikiwa bado nyekundu ndani, na watu huuliza kama ile ni damu. Sehemu kubwa ya wekundu ule ni maji na protini ya misuli iitwayo mayoglobini. Kilichoharamishwa katika Suratul An'aam, aya ya 145, ni damu inayomwagika, nayo hutoka wakati wa kuchinja. Hata hivyo, kwa afya ya wazee na watoto, sisi tuliamua kuipika nyama yetu mpaka wekundu uishe.

Sasa tueleze upishi wenyewe. Sisi tulikuwa watu 7, wakubwa na wadogo. Tulinunua fileti kilo 1 na viazi mviringo kilo 1 na nusu. Fileti ni ule msuli mwembamba ulio chini ya uti wa mgongo, ambao ng'ombe hautumii sana katika kutembea, na kwa sababu hiyo ni laini kuliko nyama ya paja au ya bega. Tulitumia siagi halisi itokanayo na maziwa, kwa kuwa ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea haina ladha inayotafutwa hapa.

Viazi hutangulia. Vimenywe, vikatwe vipande vinavyolingana, vitiwe katika maji baridi yenye chumvi, kisha ndipo jiko liwashwe. Vikitumbukizwa katika maji yanayochemka, nje hulainika na kuvurugika ilhali ndani bado vigumu. Takriban dakika 20 baada ya maji kuchemka, kisu kitaingia bila ya kusukumwa. Vichujwe, virudishwe kwenye sufuria juu ya moto mdogo kwa dakika 1 au 2 ili maji yaliyobaki yakauke, kisha vipondwe vingali vya moto. Siagi, gramu 80, itangulie. Maziwa ya moto pamoja na malai yake, kiasi cha robo lita, yafuate kidogo kidogo. Mwiko na mkono vinatosha. Viazi visitiwe kwenye mashine ya kusagia, maana wanga wake huachiliwa na chakula chote hugeuka gundi. Mpishi Mfaransa Joël Robuchon, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa na sifa nyingi duniani, na mojawapo iliyovuma mno ni viazi vya kuponda. Basi asidhani mtu kuwa ni chakula cha kudharauliwa.

Nyama nayo ina siri moja, nayo ni ukavu. Ondoa utando, kata kwa kukingama nyuzi za nyama, vipande vya kiasi cha sentimita 2, kisha vifute kwa kitambaa safi mpaka visiache maji. Tia chumvi na pilipili manga. Kikaango kizito kiwekwe motoni mpaka kishike moto sawasawa, ndipo mafuta vijiko 2 yatiwe, na nyama iingie kwa mafungu madogo, kipande kisigusane na mwenzake. Mkemia Mfaransa aitwaye Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyokutana katika joto na kuzaa rangi ya kahawia na harufu ile tunayoijua ya nyama choma. Jambo hilo hufanyika vizuri joto likipita nyuzi 140, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwa hiyo nyama iliyolowa au iliyorundikwa hujichemsha katika maji yake yenyewe, ikawa ya kijivu na ngumu, na mpishi akamlaumu muuza bucha.

Kila fungu lilikaa motoni kiasi cha dakika 4, likigeuzwa, kisha likatolewa. Mafungu yote yalipokwisha, moto ukapunguzwa. Siagi haikutiwa tangu mwanzo kwa sababu chembe za maziwa zilizomo ndani yake huungua upesi na kuacha uchungu. Sasa ndipo zilipoingia gramu 60 za siagi na punje 8 za kitunguu saumu kilichokatwa vidogo. Nusu dakika tu, harufu ikaenea mpaka uani. Supu kidogo, maji ya nusu limau, nyama yote ikarudishwa kugeuzwa mara mbili tatu, tukapasua kipande kikubwa kuliko vyote ili kuhakikisha ndani kumeiva, kotimiri ikanyunyizwa, jiko likazimwa.

Hatukuandaa kwa sahani wala uma. Viazi vilitandazwa katika sinia kama wali, nyama ikawekwa katikati, na siagi ya vitunguu saumu ikamiminwa juu. Mtoto wetu yule yule alitumwa chumbani. Tulimsikia akisema, "Babu, njoo, nyama leo haina ugomvi." Na tukamsikia mzee akijibu, "Kama haina ugomvi nami, mimi sina ugomvi nayo."

Akaja, akanawa, akakaa mahali pake pa zamani, akasema Bismillahi. Alichukua kipande kimoja, akakitafuna kwa meno ya mbele, taratibu, nasi sote tukijifanya hatumtazami. Akameza. Akachukua cha pili. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, mkono wake ukaingia katikati ya sinia na kuanza kugawa, mdogo kabla ya mkubwa. Alipofika kwetu alitusogezea vipande vitatu, akasema, "Na wewe ule. Kazi ya msikiti inataka nguvu." Mama wa watoto aliinuka akasema anafuata maji ya kunywa, ilhali mtungi ulikuwa mbele yake.

Atakayesema kwamba fileti ni ghali amesema kweli. Sisi hatuwezi kuipika kila juma; tunaipika mara moja kwa mwezi. Katika siku nyingine tunanunua steki ya kawaida na kuitumia hekima ya wachoma mishkaki wa pwani: papai bichi. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini za nyama na kuilainisha. Kijiko kimoja cha papai lililokunwa kwa kilo 1 ya nyama, nusu saa, kisha nyama ifutwe ikauke na kukaangwa kama tulivyoeleza. Ikiachwa usiku kucha itarojeka. Aidha siagi ni mafuta na chumvi ni chumvi. Mwenye mzee wa shinikizo la damu au wa moyo apunguze vyote viwili na afuate maneno ya tabibu wake. Viazi huliwa hata kwa maziwa matupu.

Uji wa baba haujakoma. Asubuhi anaunywa kama kawaida, na zipo jioni ambazo chakula chetu bado kinamshinda. Lakini siku hizo bakuli lake huwekwa ukingoni mwa sinia letu, naye huketi pamoja nasi akinywa uji huku akigawa kitoweo asichokila. Fizi zake pia tumempeleka kuzitazamisha upya, na meno yanasuguliwa ili yamkae vema. Kwa mwenye mzee aliyekwishazoea chumba chake, ushauri wetu ni mdogo: msimwite kwa hotuba, wala msimwambie kwamba mnamwonea huruma. Ikateni nyama ndogo, mumtume mjukuu.