Magitaa 12 Yapo Stoo, Mwalimu Hayupo

Video ile wengi mliiona. Staa mmoja mkubwa wa Bongo anashuka kwenye gari jeusi, shule ya msingi ya serikali kule Mbagala, watoto wanapiga kelele mpaka vumbi linatimka. Anakabidhi magitaa 12 mapya, anambeba mtoto mmoja begani, anafuta chozi. Maoni yakafurika: "Mungu akuzidishie kaka."

Miaka miwili baadaye magitaa yapo stoo ya mwalimu mkuu, juu ya magunia ya mahindi ya uji. Nyuzi zimeshika kutu. Hakuna aliyeyaiba wala kuyauza, ni kwamba hakuna wa kuyafundisha.

Na kinachouma ni kwamba mwalimu alikuwepo. Kijana aliyesoma sanaa Bagamoyo alikuwa akija Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, na gitaa lake moja lililopasuka ubavuni. Watoto 20 walikuwa wanalipokezana. Nani alikuwa anamlipa? Sio staa, sio shirika lenye nembo. Ni dada mmoja muuza vitenge wa Kariakoo, aliyewahi kuimba kwaya enzi zake. Kila mwezi alituma 150,000 kwa simu, kimya kimya. Hakuwahi hata kufika pale shuleni.

Magitaa yalipokuja, mwalimu alishangilia kuliko mtu yeyote. Mtoto mmoja, gitaa moja, hata kama ni kwa zamu! Miezi minne mbele biashara ya yule dada ikayumba. Akampigia simu akilia: "Mdogo wangu, mwezi huu sina." Mwalimu akaendelea miezi miwili bila malipo, nyuzi zikikatika ananunua mwenyewe. Seti moja aliuziwa 15,000. Sasa piga hesabu: kwenye mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa 10,000 kwa mwaka mzima, na humo humo kuna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Mwalimu mkuu angetoa wapi hela ya nyuzi? Kijana akaishia kupiga kwenye hoteli moja Masaki. Kodi ya chumba haisubiri.

Hili halijaanza Mbagala. Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA kilichoanza 2002 kilifika 2019 kikitangaza kwamba kinaweza kufunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zimekauka. Udi na kanuni vilikuwepo, walimu walikuwepo, kilichokosekana ni hela ya kuendesha. Upande wa pili kuna Venezuela. José Antonio Abreu alianza El Sistema mwaka 1975 na vijana wachache, mpango ukakua mpaka ukamtoa Gustavo Dudamel. Watu wanapenda kusimulia kipaji chake, wanasahau kwamba serikali ilikuwa inaweka fedha mwaka hadi mwaka, awamu baada ya awamu. Muziki haujifunzwi kwa siku moja ya makabidhiano.

Turudi Mbagala. Kuna binti wa darasa la sita, mama yake anauza maandazi stendi. Mwalimu alipoondoka, binti alichora nyuzi sita nyuma ya daftari la hisabati, akawa anaweka vidole pale na kuimba sauti kwa mdomo. Siku mwalimu alipopita kusalimia, binti akamwonyesha: "Shikamoo mwalimu. Sijasahau."

Kijana hakulala. Usiku ule ule akamwandikia staa. Meneja ndiye aliyejibu: safari hii wataleta ngoma, tukio kubwa zaidi. Mwalimu akasema ngoma hawazihitaji, wanahitaji mtu wa kufundisha na nyuzi. Jibu likaja: sawa, atalipwa, ila kila mwezi itumwe video ya yule binti wa daftari, historia yake na nyumbani kwao.

Mwalimu akapeleka habari kwa mama. Mama akaendelea kugeuza maandazi, kisha akasema: "Baba, mwanangu ana kipaji na mimi ni maskini, vyote ni kweli. Lakini umaskini wangu sio tangazo la mtu. Akifundishwa, afundishwe. Akipigwa picha, iwe siku anapiga gitaa jukwaani."

Mwalimu akalirudisha neno lile kama lilivyo, akijua huenda anafunga mlango kwa watoto 20. Siku tatu kimya. Siku ya nne staa akapiga mwenyewe, bila meneja. Kumbe naye alifundishwa kinanda bure na mzee mmoja wa kanisani ambaye jina lake hajawahi kulitaja kwenye mahojiano yoyote. Akatuma hela ya muhula mmoja, na nyuzi. Hakuna kamera iliyokuja.

Muhula mmoja ni miezi michache tu. Baada ya hapo hakuna anayejua, na mwakani binti ana mtihani wa darasa la saba. Lakini Jumanne iliyopita saa nane, stoo ilifunguliwa.

Wadau, tukishabiki video ya makabidhiano, tuulize pia swali moja dogo: mwalimu analipwa na nani mwezi ujao?